Kusomea uhandisi kwa masafa ukiwa Doha: uliza kwanza cheti kitatambuliwa wapi

Katika muda wa miaka michache Doha, mji mkuu wa Qatar, ulibadilika sura. Uwanja wa ndege wa Hamad ulifunguliwa mwaka 2014, treni za metro zilianza kubeba abiria mwezi Mei mwaka 2019, na mwaka 2022 viwanja 8 vilipokea mechi za Kombe la Dunia. Kazi hizo zilifanywa na wageni kutoka nchi nyingi, wakiwamo watu wa Kenya, Tanzania na Uganda: mafundi wa umeme, wa mabomba, wa viyoyozi na wa kuchomelea vyuma, wapima ardhi na wasimamizi wa usalama kazini. Baada ya mashindano kumalizika, wengi walibaki katika matengenezo ya majengo, mitambo ya gesi na usafirishaji.

Miongoni mwao wamo wenye vyeti vya ufundi au stashahada walizozipata nyumbani. Kazi wanaijua. Hata hivyo, mchoro ukikamilika, anayetia saini ni mwingine, na mshahara wa anayetia saini ni mwingine pia. Ndiyo maana elimu ya masafa, yaani kusoma bila ya kuacha kazi wala kuhama, imekuwa tumaini la wengi: kuingia Ghuba fundi, na kutoka mhandisi.

Tumaini hilo si la bure, kwani wapo waliofika. Lakini uhandisi una tabia moja ambayo masomo ya biashara au lugha hayana. Shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa mhandisi mbele ya sheria. Baada ya chuo kipo chombo kingine, bodi au kamati, chenye uwezo wa kumsajili au kumkatalia. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo mwanafunzi wa Doha anapaswa kujiuliza ni hili: nataka kufanya kazi ya uhandisi katika nchi gani, na nani huko anayetoa ruhusa? Jina la chuo na kiasi cha ada vinakuja baada ya jibu hilo.

Masomo yaliyoanzia mgodini

Utaratibu huu una historia ndefu. Mwaka 1885 jimbo la Pennsylvania nchini Marekani lilipitisha sheria iliyowataka wasimamizi wa migodi ya makaa ya mawe wafaulu mtihani wa usalama kabla ya kupewa kazi hiyo. Wachimbaji waliotaka kupanda cheo walijikuta katika shida: siku nzima wapo chini ya ardhi, na shule hakuna. Mhariri mmoja wa gazeti la migodi katika mji wa Scranton, Thomas Foster, akaanza kujibu maswali yao gazetini, na mwaka 1891 akafungua masomo kamili ya uchimbaji madini kwa njia ya posta. Chuo chake kilikuja kufundisha ufundi wa aina nyingi kwa wafanyakazi wa nchi mbalimbali.

Ni vyema kuutazama mpangilio wa mambo hayo. Mtihani wa serikali ulitangulia, na masomo yakafuata ili kumfikisha mtu kwenye mtihani huo. Mchimbaji alijua tangu siku ya kwanza ni mlango gani anaubisha. Leo mambo mara nyingi huwa kinyume: mtu huona tangazo kwenye simu yake, hulipa ada, husoma miaka 5, na siku anapokwenda kusajiliwa ndipo anapoambiwa kwamba njia aliyoifuata haikuelekea huko.

Madaraja matatu

Watu wa fani hii hugawanywa katika madaraja, na kozi za masafa hugawanywa hivyo hivyo. Kuna fundi sanifu, kuna mtaalamu wa teknolojia ya uhandisi, na kuna mhandisi kamili. Nchi kadhaa zimetiliana saini mapatano ya kutambuliana vyeti kwa kila daraja. Mapatano ya Washington ya mwaka 1989 yanahusu shahada za wahandisi. Ya Sydney, ya mwaka 2001, yanahusu wataalamu wa teknolojia, ambao kwa kawaida huwa na masomo ya miaka 3. Ya Dublin, ya mwaka 2002, yanahusu mafundi sanifu, wenye masomo ya miaka 2 au karibu na hapo. Uingereza ilikuwamo tangu mwanzo katika mapatano ya Washington, na Afrika Kusini ilijiunga nayo mwaka 1999.

Tofauti hii ndiyo inayowapoteza wengi. Kozi mbili zinaweza kuwa na neno uhandisi katika majina yake, moja ikaelekea kwenye usajili wa mhandisi na nyingine kwenye usajili wa fundi sanifu. Zote ni halali, na zote zina heshima yake. Lakini aliyejiandikisha katika ya pili akidhani ni ya kwanza, hawezi kurudishiwa miaka yake.

Kutambuliwa ndani ya Qatar

Qatar inaongozwa katika jambo hili na Sheria namba 19 ya mwaka 2005 kuhusu kazi za uhandisi. Mtu anayetaka kufanya kazi kwa cheo cha mhandisi hupaswa kupata ithibati ya kamati maalumu iliyo chini ya Wizara ya Manispaa. Wafanyakazi wengi huiita ithibati hiyo kwa herufi UPDA, jina la mamlaka ya mipango miji ya zamani ambalo bado limo midomoni mwa watu ingawa mamlaka yenyewe imekwisha kuingizwa wizarani.

Kamati hutazama shahada na uzoefu wa kazi. Shahada nayo hupitia njia yake: kupigwa mihuri katika nchi iliyoitoa, kuthibitishwa na ubalozi wa Qatar katika nchi hiyo, kisha kuthibitishwa na Wizara ya Mambo ya Nje mjini Doha. Ikumbukwe kwamba safari ya mihuri huanzia mahali cheti kilipotolewa. Mtanzania aliyesoma kwa masafa na chuo cha Afrika Kusini ataanzia Pretoria, wala si Dar es Salaam.

Wizara ya Elimu ya Qatar ndiyo yenye kazi ya kulinganisha vyeti vya nje na vya nchini. Kwa miaka mingi vyeti vya masafa vilitazamwa kwa shaka kubwa nchini humo, kama ilivyokuwa katika nchi nyingine za Ghuba, na kanuni zake zimekuwa zikibadilika. Kwa sababu hiyo habari aliyopata rafiki yako miaka 3 iliyopita huenda haifai kwako leo. Lililo salama ni kuiuliza wizara kabla ya kujiandikisha, kwa kutaja jina la chuo, jina kamili la kozi na namna ya kusoma, na kulihifadhi jibu kwa maandishi.

Kutambuliwa nyumbani

Kwa wengi, Qatar ni kituo cha njiani. Mkataba utakwisha na safari ya kurudi itafika. Hivyo mlango wa nyumbani una uzito uleule, na kwa wengine una uzito zaidi.

Nchini Tanzania, Bodi ya Usajili wa Wahandisi inafanya kazi chini ya sheria ya mwaka 1997. Mwenye shahada husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha hupitia mafunzo ya vitendo chini ya usimamizi kabla ya kuwa mhandisi mtaalamu. Mpango wa mafunzo hayo, unaochukua miaka 3, ulianza mwaka 2003. Shahada ya kutoka nje hupelekwa kwanza Tume ya Vyuo Vikuu ili itambuliwe.

Nchini Kenya, Bodi ya Wahandisi iliundwa na sheria ya mwaka 2011, nayo pia hudai uzoefu usiopungua miaka 3 baada ya shahada kabla ya kumpa mtu hadhi ya mhandisi mtaalamu. Wale wa daraja la fundi sanifu na teknolojia wana bodi yao, iliyotokana na sheria ya mwaka 2016. Uganda imekuwa na bodi ya usajili kwa sheria ya mwaka 1969. Bodi za nchi hizi 3 zilitiliana saini makubaliano ya kutambuliana mwaka 2012, katika mfumo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ili mhandisi aliyesajiliwa katika nchi moja aweze kufanya kazi katika nyingine. Kwa maneno mengine, kusajiliwa nyumbani kunaweza kufungua zaidi ya nchi moja, na kukataliwa nyumbani kunaweza kufunga zaidi ya nchi moja.

Funzo kutoka India

Anayedhani tahadhari hizi zimetiwa chumvi na atazame yaliyotokea India, nchi ambayo watu wake ni wengi kuliko wageni wengine wote nchini Qatar.

Tangu mwaka 2001 vyuo vikuu kadhaa vya India vilianza kutoa shahada za uhandisi kwa masafa bila ya idhini ya baraza la taifa la elimu ya ufundi. Wanafunzi wengi walikuwa watu wenye kazi waliotafuta kupanda cheo. Walisoma, walifanya mitihani, walipewa shahada, na wengine walipandishwa vyeo kwa shahada hizo. Tarehe 3 Novemba mwaka 2017 Mahakama Kuu Kabisa ya India iliamua kesi iliyohusu vyuo 4 vya aina hiyo. Shahada za walioingia baada ya mwaka 2005 zilifutwa. Walioingia kati ya mwaka 2001 na 2005 walitakiwa wafanye mtihani mpya wa baraza hilo, na asiyeufaulu asiwe na shahada. Mahakama iliagiza ada zirudishwe, lakini hakuna mahakama iwezayo kurudisha jioni za miaka 4 au 5.

Kisa cha pili hakina udanganyifu wowote ndani yake, na kwa hiyo kina mafunzo zaidi. Taasisi ya Wahandisi ya India, iliyoanzishwa mwaka 1920, imekuwa na mitihani yake ambayo fundi aliye kazini aliweza kuifanya kidogo kidogo hadi akatambuliwa kuwa sawa na mwenye shahada. Mitihani hiyo ilikuwa mashuhuri hata katika Ghuba. Serikali ya India ikaamua kwamba usawa huo utawahusu wale tu waliojiandikisha hadi tarehe 31 Mei mwaka 2013. Taasisi ni ileile na heshima yake ni ileile, lakini aliyejiandikisha mwezi Mei na aliyejiandikisha mwezi Juni wa mwaka huo wakajikuta na hatima mbili tofauti. Tarehe ya kujiandikisha, basi, nayo ni sehemu ya cheti.

Vyuo vilivyopo

Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kiliundwa mwaka 1969 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1971. Kina shahada ya uhandisi yenye ithibati ya taasisi za wahandisi za nchi hiyo. Kwa muda mrefu swali gumu lilikuwa maabara: mtu atapimaje nguvu ya chuma akiwa chumbani kwake? Chuo hicho kimejibu kwa kuweka vyombo ambavyo mwanafunzi huviendesha kwa intaneti kutoka mbali, huku akiona matokeo halisi kwenye kompyuta yake. Hata hivyo si kila kozi hufunguliwa kwa mkaazi wa kila nchi, na ni lazima kuuliza kuhusu Qatar kwa jina.

Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kina umri mkubwa zaidi. Kilianza mwaka 1873 kama chombo cha kutahini, na kikageukia elimu ya masafa mwaka 1946. Nelson Mandela ni miongoni mwa waliosoma nacho. Kinatoa masomo ya umeme, mitambo, ujenzi na mengineyo katika ngazi ya stashahada na shahada ya teknolojia ya uhandisi. Kwa mfumo wa Afrika Kusini, ngazi hizo huelekea kwenye usajili wa fundi sanifu na wa mtaalamu wa teknolojia. Anayelenga kuwa mhandisi kamili nyumbani aiulize bodi yake mapema kama ngazi hiyo itamtosha, au itamfikisha nusu ya njia.

Na vyuo vyetu je? Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994. Kimewahudumia maelfu ya walimu, wanasheria na watumishi wa serikali, lakini uhandisi haukuwa msingi wake. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati mwezi Agosti mwaka 2023, na miongoni mwa kozi zake za kwanza ni sayansi ya data na usalama wa mitandao. Fundi wa mabomba au wa mitambo anayetaka shahada kwa masafa kutoka Afrika Mashariki bado ana uchaguzi mdogo sana.

Mjini Doha kwenyewe vipo vyuo vya uhandisi vya kuhudhuria darasani. Chuo Kikuu cha Qatar kilifungua kitivo chake cha uhandisi mwaka 1980. Tawi la Texas A&M lilianza mwaka 2003, lakini mwezi Februari mwaka 2024 bodi ya chuo hicho iliamua lifungwe ifikapo mwaka 2028. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Doha kilipata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2022, baada ya miaka 20 kama tawi la chuo cha Kanada. Mwenye kazi ya zamu anaweza kuuliza kama kuna masomo yanayolingana na saa zake. Cheti kilichotolewa ndani ya nchi hakina haja ya safari ndefu ya mihuri.

Saa 3,600

Katika mfumo wa Uingereza masomo hupimwa kwa krediti, na krediti moja ni sawa na saa 10 za kusoma, kufanya mazoezi na kujiandaa kwa mtihani. Shahada ya kwanza ina krediti 360. Hizo ni saa 3,600.

Tuzigawe kwa maisha ya Doha. Sheria ya Kazi ya Qatar, namba 14 ya mwaka 2004, inaweka kikomo cha saa 48 za kawaida kwa wiki, na saa 36 katika mwezi wa Ramadhani. Muda wa basi la kampuni kutoka kambini hadi kazini hauhesabiwi humo. Wiki ina saa 168. Toa 48 za kazi, toa 12 za basi ikiwa safari ni saa 2 kwa siku, toa 49 za usingizi. Zinabaki 59, na ndani yake kuna kupika, kufua, kuswali au kwenda kanisani, kuugua, na kuzungumza na jamaa nyumbani. Mtu mwenye nidhamu ataweza kupata saa 12 kati ya hizo.

Akisoma saa 12 kwa wiki kwa wiki 40 za mwaka, atapata saa 480, na shahada itachukua miaka 7 na nusu. Akifikisha saa 15 kwa wiki 48, itachukua miaka 5. Ikiwa stashahada yake ya nyumbani itakubaliwa kumpunguzia krediti 120, zitabaki saa 2,400: miaka 5 kwa mwendo wa kwanza, na miaka 3 na miezi 4 kwa mwendo wa pili. Hivyo barua ya kuomba kupunguziwa krediti inaweza kuwa na thamani ya miaka 2 ya maisha. Iandikwe kabla ya kulipa ada ya kwanza.

Kalenda nayo ina mambo yake. Saa ya Doha ni sawa na saa ya Nairobi na Dar es Salaam, na inaitangulia Johannesburg kwa saa 1. Lakini kipindi kinachoanza saa 1 jioni London, Doha huwa saa 4 usiku wakati wa baridi na saa 3 usiku wakati wa kiangazi, na anayeamka alfajiri kuwahi basi atakisikiliza kwa jicho moja. Vipindi vya Jumamosi huangukia siku ya kazi kwa wengi, kwani mapumziko yao ni Ijumaa. Kwa upande mwingine, tangu mwaka 2021 kazi za nje zimepigwa marufuku kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri, kati ya tarehe 1 Juni na 15 Septemba. Kampuni nyingine hugawanya zamu kwa ajili hiyo, na saa hizo za mchana, mahali penye kiyoyozi, zimewafaa baadhi ya wanafunzi kuliko usiku.

Chumba cha watu 4 au 6 si mahali pepesi pa kusomea kalkulasi. Maktaba ya Taifa ya Qatar, iliyofungua milango mwaka 2017 katika jengo lililosanifiwa na Rem Koolhaas, humpokea mkaazi yeyote mwenye kitambulisho cha Qatar kuwa mwanachama bila ya malipo. Wanachama wake husoma vitabu na majarida ya kielektroniki ambayo kwa kuyanunua yangegharimu fedha nyingi. Kituo cha metro cha mstari wa kijani kipo karibu yake.

Fedha na mabadiliko yake

Riyali ya Qatar imefungwa kwa dola ya Marekani kwa kiwango cha riyali 3.64. Paundi ya Uingereza na randi ya Afrika Kusini hazikufungwa hivyo. Anayelipa ada kwa sarafu hizo kwa miaka 6 ajue kwamba kiasi cha mwaka wa kwanza hakitakuwa kile cha mwaka wa nne. Vyuo vingi hutoza kwa kila moduli, na mtu anaweza kusoma moduli moja, akapumzika, kisha akaendelea. Ni bora kwenda hivyo kuliko kukopa ada ya mwaka mzima.

Lazima pia isemwe kwamba elimu hii haimfikii kila mtu. Kima cha chini cha mshahara nchini Qatar, kilichoanza kutumika mwezi Machi mwaka 2021, ni riyali 1,000 kwa mwezi, pamoja na 500 za malazi na 300 za chakula pale mwajiri asipovitoa yeye mwenyewe. Kwa mshahara huo, huku kukiwa na deni la wakala na ada za watoto nyumbani, shahada ya Uingereza ni ndoto ya mbali. Aliye katika hali hiyo anaweza kuanza na cheti kifupi kinachotambuliwa katika fani yake, kiongeze kipato, kisha cheti cha pili kijengwe juu ya cha kwanza.

Kazi yenyewe ni darasa

Bodi zote zilizotajwa hapo juu zinataka uzoefu uliothibitishwa, na hapa fundi wa Doha ana mali ambayo mwanafunzi wa chuoni hana. Ameona handaki la treni likichimbwa, amefunga mitambo ya kupoza maji ya mtaa mzima, amesoma michoro ya majengo makubwa. Lakini uzoefu usioandikwa ni hadithi tu.

Kila wiki na aandike katika daftari kazi aliyoifanya, tatizo lililojitokeza, hesabu iliyotumika na sehemu yake mwenyewe katika uamuzi. Kila baada ya miezi michache mhandisi anayemsimamia, ambaye amesajiliwa mahali fulani, atie saini na namba yake ya usajili. Barua ya uzoefu iombwe mradi ukiwa bado hai. Kampuni za ujenzi huungana kwa ajili ya mradi mmoja, kisha hutawanyika. Baada ya hapo si rahisi kumpata mtu wa kugonga mhuri. Barua itaje kazi halisi iliyofanywa, kwa sababu neno moja la cheo lililoandikwa katika kibali cha ukaazi mara nyingi haliendani na kazi hiyo.

Ipo njia ya mkato ambayo mwisho wake unajulikana. Mwezi Mei mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni ya Karachi, Axact, iliyokuwa ikiuza shahada za vyuo visivyokuwapo, na miongoni mwa wateja wake walikuwamo watu wa nchi za Ghuba. Baadhi walijua wanachokinunua. Wengine walidhani wamejiunga na chuo. Dalili ni zilezile siku zote: shahada inayotolewa kwa wiki chache kwa sababu ya uzoefu wa maisha, wakala anayepiga simu usiku na mchana, punguzo la bei linalokwisha leo. Katika uhandisi hatari haimkuti mnunuzi peke yake. Anayekaa chini ya dari alilolisaini mtu asiyejua uzito wake yumo ndani ya hatari hiyo.

Mpangilio wa hatua

Kwa muhtasari, anayetaka kuanza na aandike kwanza nchi 2 anazotarajia kufanyia kazi baada ya kuhitimu. Kisha aiandikie bodi ya wahandisi ya kila moja, na chombo chake cha kutambua vyeti, akiuliza habari za kozi moja kwa jina lake. Majibu yakifika, aombe chuo kimpunguzie krediti kwa stashahada aliyonayo. Ahesabu saa zake za wiki kwa ukweli, na ada kwa moduli. Halafu ndipo ajiandikishe, na siku hiyohiyo alifungue daftari la kazi.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Barua 4 au 5 zitamchukua mtu miezi 2 kuziandika na kuzisubiri, na mbele ya saa 3,600 muda huo ni mdogo. Jibu likiwa la kukataa, atakuwa amelipata kabla ya kulipa chochote, naye atabaki na uhuru wa kuchagua kozi nyingine.